Debe Lililolia Mchana

Lumemo, Ifakara

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umekaa muda mrefu ukiulizia kila treni inayosimama hapo Uchindile kama kuna aliyeteremka na karatasi yangu, na kila mara ukaambiwa hakuna. Nisamehe kwa kuchelewa. Sikukusahau. Kila nilipokaa niandike, mtoto mmoja alikuwa ziwani ananyonya, na nilipomtoa huyo, mwenzake alikuwa ameshaanza kulia. Leo wote wawili wamelala hapa mkekani, na jirani yangu Hadija, mke wa fundi baiskeli, ameniambia niandike tu, wakiamka atawatuliza yeye.

Goti lako linaendeleaje? Bado linakuuma ukipanda kwenye shamba la maharage? Na lile paa la jiko, kaka ameliezeka au bado anasema kesho? Huku kwetu mkweo Otmari ni mzima. Kifua kilimsumbua wakati wa mavuno, lakini sasa anasomba magunia ya watu kwa baiskeli kama kawaida yake. Mimi nimepungua. Nakuambia mwenyewe mapema, maana mama aliyebeba barua hii ameniona na atakusimulia. Mwanangu, wajina wako, ameota meno, anasimama kwa kushika ukuta, na akinuna anakunja uso kama wewe kabisa, hadi baba yake humwambia, "Shikamoo, mama mkwe."

Adelina, mdogo wangu unayesoma, msomee Mama polepole. Usiruke mahali, hata ukiona pagumu. Hasa hapo.

Mama, ujumbe wako nimeupata. Uliambiwa pale stesheni kwamba mwanao ananyonyesha mtoto wa marehemu, tena mtoto aliyebemendwa, na kwamba mjukuu wako anakonda kwa ajili yake. Ukamwambia Adelina aniandikie kwamba nimrudishe huyo mtoto kwa watu wake, na nisipofanya hivyo nimlete mjukuu wako huko umwachishe ziwa wewe mwenyewe, kabla sijammaliza. Neno hilo la kummaliza nimelisoma mara nyingi. Sikulia, ila nililisoma mara nyingi. Jibu langu utalipata humu humu, lakini kwanza nisikilize jinsi ilivyokuwa, kwa sababu waliokuambia hawakuwepo.

Unakumbuka nilipojifungua wajina wako hukuweza kuja, ilikuwa mvua na njia ya reli imeharibika. Mama mkwe wangu alishafariki, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na mwanamume ambaye hajui hata kushika kichwa cha mtoto. Chuchu zikachanika. Mtoto akivuta naona nyota. Jirani mmoja akanishauri nikamue yale maziwa ya njano niyamwage, ni machafu, nimpe maji ya sukari kwanza. Nilikuwa nimeshashika kijiko, ndipo akaingia Mama Redempta bila hodi. Huyu ni mama wa makamo, anauza vitumbua karibu na mashine ya kukoboa, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akaninyang'anya kile kijiko, akakilamba mwenyewe, akasema, "Asante, nilikuwa na njaa. Sasa mlete mtoto nikuonyeshe." Akanikalisha vizuri, akaniwekea kanga nyuma ya mgongo, akamwingiza mtoto ziwa zima mdomoni badala ya ncha tu. Siku zilizofuata yeye na wenzake wakawa wanakuja wawili wawili, huyu anatwanga, yule anachota maji, wananikanda kwa kitambaa cha moto, wananicheka nikilia, wanalia na mimi nikicheka.

Ndivyo walivyo. Hawana ofisi. Walianza kuzoeana pale kliniki siku za kupima watoto, manesi wakawahimiza kutembeleana majumbani, wakaendelea. Kila anayejifungua mtaani kwetu wanamwendea. Wanaume wanawaita chama cha matiti, na siku moja kijana wa mashineni alimwuliza Mama Redempta kama chama kinapokea wanachama wanaume. Akamjibu, "Tunapokea. Nenda kwanza kamwambie mama yako ulinyonya hadi lini, akupe barua ya utambulisho." Hajarudia kuuliza.

Lakini masika yakianza, chama chote kinasambaratika. Wewe hujawahi kuona bonde hili wakati wa mpunga. Watu wanafunga nyumba mjini, wanahamia mashambani hadi mavuno. Kila mtu anajenga dungu lake, kichanja kirefu chenye ngazi na paa la nyasi, na ukiwa juu yake unaona madungu ya wenzako kwa mbali, maji na mpunga katikati. Mpunga ukianza kutoa maziwa, kazi ni kuamia ndege. Asubuhi na jioni wanakuja kwelea kama moshi, na sisi tunapiga madebe na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Jua likiwa utosini ndege wanakwenda kivulini, na watu nao wanapumzika.

Jirani yangu wa shamba alikuwa Skolastika. Msichana wa Mahenge, hana mama wala baba, aliolewa na Klemensi, mvuvi. Alijifungua mvua zikiwa kali, mtoto wa kiume, Tadei. Klemensi alikaa kidogo, kisha akaenda kambi ya samaki mtoni, maana nyumba inahitaji kula. Mama yake Klemensi, Bibi Kristina, akabaki anakuja na kuondoka.

Mtoto hakunenepa. Mimi nilimwona Skola mwenyewe amepauka, viganja vyeupe kama karatasi, akipanda ngazi anapumzika katikati. Nilimwambia tushuke Ifakara akapimwe. Akasema akitoka ndege watamaliza mpunga wote na mumewe atakuta makapi. Bibi Kristina alikuwa na maelezo yake. Alisema mbele ya watu, wakati tunachota maji, kwamba mtoto amebemendwa, kwamba wale wawili hawakuwa na subira, wamelala pamoja mtoto akiwa mchanga na maziwa yameharibika. Mama, wewe unajua neno hilo linavyomvua mwanamke nguo hadharani. Hakuna jibu analoweza kutoa. Akikataa nani atamwamini, akikubali ataficha wapi uso.

Tangu siku ile Skola akaacha kuja kwetu. Tulikuwa na desturi ya kukutana mchana kwenye dungu la Mama Redempta, tunaweka watoto pamoja, tunanyonyesha, tunasukana. Hakuja tena. Mama Redempta alimfuata, akamkuta anamnywesha mtoto maji ya mchele kwa kikombe, matiti ameyafunga kwa kanga ili yakauke. Akamfungua, akamwambia maziwa hayaozi ndani ya mtu kama samaki kwenye tenga. Skola akamwitikia ndiyo, ndiyo, kwa adabu. Alipoondoka akajifunga tena.

Sasa nifike penyewe. Siku hiyo jua lilikuwa kali, tumeshakula, tuko juu ya dungu la Mama Redempta. Tukasikia debe la Skola. Linapigwa, linanyamaza, linapigwa. Tukatazama mpunga wake, hakuna ndege hata mmoja. Mama mmoja akasema Skola leo anafukuza ndege wa ndotoni. Mwingine akasema hapana, anampigia mama mkwe. Tukacheka, Mama. Debe ni la ndege, nani angefikiri vingine? Huku bondeni ukisikia debe husemi kuna mtu anaita, unasema kuna mtu anafanya kazi. Likaendelea kidogo, likawa la taratibu, likanyamaza, nasi tukasema amechoka.

Jioni ndege walipokuja kwelikweli, wakashuka kwenye mpunga wa Skola wote kana kwamba wamealikwa, na debe lake halikulia. Hapo ndipo Mama Redempta aliposimama. Alishuka ngazi na kukimbia majini, na sisi nyuma yake.

Tulimkuta ameegemea chini ya ngazi ya dungu lake, mwili moto kama chungu jikoni, debe mapajani, fimbo bado mkononi. Kanga ya kifuani alikuwa ameifungua mwenyewe. Tadei yuko ziwani, amelala kwa kuchoka, midomo imekauka. Aliponiona alinifahamu. Akasema, "Nimewaita, Dada." Sijui kama alikuwa analaumu. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. Alisema tu, kama mtu anavyotoa habari.

Wanaume wakatengeneza machela kwa miti na mkeka, wakambeba hadi njia ya baiskeli, na kutoka hapo wakamfunga kwenye baiskeli na kumsukuma. Mimi nilifuata na watoto wawili, wangu mgongoni, wake kifuani. Njiani Tadei aliamka akaanza kulia ile sauti nyembamba isiyo na nguvu. Nilimweka ziwani huku natembea. Sikufikiri wala sikuuliza mtu. Alivuta mpaka nikasimama. Skola alikuwa mbele yangu kwenye baiskeli, kichwa kimegeukia upande wetu, na akaona. Hilo nalishika sana moyoni, kwamba aliona.

Hospitali walisema malaria na damu imekwisha. Wakamwongezea. Haikufaa. Najua utauliza kama ulikuwa ule ugonjwa wa siku hizi, kwa sababu hapa pia waliuliza. Mama Redempta alimwuliza daktari waziwazi, akaambiwa walipima na hakuwa nao. Ilikuwa damu, Mama. Ile ile iliyokuwa imemtoka viganjani tunaitazama.

Alizikwa hapa Lumemo. Klemensi alifika kutoka mtoni matanga yanaendelea, bado ananuka samaki, akakaa chini ukutani wala hakuinua uso.

Tulipoanua matanga, Bibi Kristina alikuja kwangu kumchukua mjukuu wake. Hakuja kwa shari, nisimsingizie. Alikuwa amevaa kanga nyeusi, macho yamevimba. Akasema mtoto ni wa ukoo wao, atamlea kwa uji kama alivyolea wengine. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Mtoto huyu uji haumwezi bado. Niachie anyonye." Akasema, "Uchukue maziwa ya mwanao umpe mtoto aliyebemendwa? Na wa kwako akianza kudhoofika utakuja kumlilia nani?" Nikamjibu hajabemendwa, alikuwa na njaa, na mama yake alikuwa anaumwa. Mama Redempta, aliyekuwa anachambua mchele pale mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Bibi, hilo neno limeshazika mmoja. Wa pili ni nani?"

Klemensi ndiye aliyesema mwisho, akiwa nje. Alisema mtoto aachwe hadi mpunga uvunwe.

Bibi Kristina hakubisha na mwanawe, ila wakati wa kuondoka alishika mlango akaniambia maneno haya, na nataka Adelina ayasome mara mbili. Alisema, "Mtoto aliyepokelewa ana mbeleko kutoka kwa bibi yake wa upande wa mama. Huyu mbeleko yake iko wapi? Wewe unambeba kwa kipande cha shuka. Kwenu hawajui hata kama yupo. Siku mama yako atakapomjua, na mimi nitanyamaza. Lakini akikataa, namchukua." Mama, alisema kweli. Skola hakuwa na mama wa kumletea.

Tangu hapo tunasaidiana. Mchana nikiwa kazini, Hadija anamnyonyesha, naye mama mwingine wa upande wa bomba akimaliza kupika anapita. Hadija anasema katika dini yake mtoto akishanyonya kwako amekuwa wa kwako, na watoto wenu ni ndugu, hawawezi kuoana. Akamkamata Tadei siku moja akamwambia, "Basi bwana, binti yangu umeshamkosa, ungenyonya kwingine." Tukacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha tukanyamaza wote, nafikiri kwa kukumbuka tulichokicheka mara ya mwisho.

Jambo jingine tumepatana. Msimu huu ujao, debe likilia wakati jua liko utosini na ndege wamelala, si la ndege. Ni mwenye mtoto anaita. Anayesikia anashuka, awe ni nani, awe anafanya nini, hata kama alikosana na anayepiga. Wanaume nao wameambiwa, na hakuna aliyetutania. Klemensi mwenyewe alisema atawaambia wa ng'ambo. Kwa Skola limechelewa. Najua. Kila mmoja wetu anajua, ndiyo maana hatulisemi sana.

Sasa jibu lako, Mama. Sitakuficha kitu. Mwezi uliopita wajina wako hakuongezeka uzito, mstari wa kadi yake ulilala. Nesi alisema ni mkubwa sasa, anatakiwa kula zaidi, si ziwa peke yake, na mimi mwenyewe ninatakiwa kula. Kula ndiyo shida. Msimu huu ndege na mafuriko viligawana mpunga wetu, na mchele mtupu hautoi maziwa ya watoto wawili. Kuna siku nasikia kizunguzungu nikiinuka. Kuna siku natamani wote wawili waniache niwe mtu tu, nisiguswe na yeyote. Nakuambia wewe kwa sababu huku nikiyasema watayatumia dhidi yangu.

Hata hivyo simrudishi. Akienda kwenye uji sasa, tutamsindikiza alikokwenda mama yake, na nitakuwa nimesikia debe mara ya pili na kukaa. Wala mjukuu wako simleti kuachishwa. Siyo kwa kukudharau, Mama. Wewe ndiye uliyeninyonyesha hadi nikawa nachota maji, unasema mwenyewe watu walikuwa wanakucheka. Mtoto wangu ataacha atakapoacha. Sihitaji shubiri ya kupaka wala dawa ya kuachisha, usihangaike kuzitafuta.

Bibi Kristina na Klemensi wamesema watakuja tena baada ya kuuza samaki wa msimu huu, kabla ya mvua. Watauliza kama kwetu wamemjua mtoto. Mimi sina la kuwaonyesha isipokuwa kitu kitakachotoka mkononi mwako. Mama Redempta ameahidi kukaa mlangoni siku hiyo na ungo wake, lakini hata yeye anasema mbele ya desturi mdomo hautoshi.

Nisalimie Baba, mwambie apunguze ugoro, nasikia anakohoa. Nisalimie kaka na shemeji, na mwambie kaka paa halisubiri kesho. Nisalimie Shangazi yule anayeuza pombe, mwambie sijamkasirikia, najua ndiye aliyekuletea habari za stesheni. Babu wa upande wa mto, kama bado anasikia, mpigie kelele sikioni kwamba Benadeta anamkumbuka. Katekista aliyenifundisha kuandika, mwambie mkono umekuwa mbaya kwa sababu ya kuandikia gotini. Na wewe Adelina, asante kwa kusoma. Usipate mtoto haraka.

Huyu mama aliyeleta barua atarudi Ifakara kwa treni ya wiki ijayo, mzigo mdogo ataweza kubeba. Otmari anakuamkia.

Ni mimi mwanao mwenye kukupenda na kukutii katika mengine yote,

Benadeta

Ninavyohitaji bado, kama utaweza:

Maharage, yale mekundu, hata kama ni kidogo.

Ulezi uliosagwa, wa uji wangu na wa wajina wako.

Karanga, usizikaange, tutazikaanga huku.

Asali kidogo kwa ajili ya kifua cha Otmari.

Debe tupu lisilotoboka. Ligonge kwanza mwenyewe usikie kama linalia vizuri. Langu limepasuka.

Mbeleko mbili. Moja ni ile uliyonibebea mimi, uliyosema ni ya mjukuu wako. Ya pili uichague wewe, kwa mkono wako, ukijua ni ya nani. Usipoweza kutuma ya pili, usitume hata hiyo ya kwanza.